Tuwe Macho

Uji ulikuwa umeshafunga utando, na hakuna mtoto aliyefika kuunywa. Mama Wote alitoka tena mlangoni, akapeleka macho hadi kona ya barabara, akayarudisha matupu. Ndani, magodoro madogo yalikuwa yametandikwa kandokando ya ukuta, vikombe vya plastiki vimepangwa mezani, kila kimoja na rangi yake ili watoto wasigombane, na chumba chote kimetulia kama shule siku ya likizo.

Jina hilo la Mama Wote hakujipa. Alipewa na wazazi waliokuwa wakimwachia watoto kila alfajiri, wakikimbilia kiwandani, sokoni na kwenye majumba ya watu. Wengi wao walikuwa wa kanisani, wachache wa msikitini kama yeye, na yeye hakuwa na mazoea ya kuuliza. Alichouliza ni kama mtoto amelala vizuri, kama ana dawa ya kunywa, na kama kuna chakula kinachomdhuru. Jioni aliwarudisha wameoga na kushiba, mara nyingine wamemlalia begani.

Jana yake walikuwa wamekosekana wachache. Mmoja ana mafua. Mwingine shangazi yake amekuja kukaa naye. Wa tatu, "tunampumzisha kidogo." Mama Wote aliyaamini yote, tena yule mwenye mafua alimpelekea ndimu. Leo mafua yaliwapata wote kwa mpigo.

Akiwa bado amesimama mlangoni, alimwona mama mmoja akipita upande wa pili wa barabara na mwanawe. Mtoto alipomwona Mama Wote alipiga kelele za furaha na kupunga mkono. Mama yake akaushusha ule mkono haraka, kama mtu anayefunga dirisha mvua ikija, akakaza mwendo.

"Habari za asubuhi, mwenzangu!" Mama Wote aliita.

"Nzuri, tumechelewa," mwanamke alijibu bila kugeuka.

Mama Wote alivuka hadi kona kwa muuza mkaa, mtu ambaye hakuwa na mtoto wala hakuwa na unafiki, akamkuta anajaza makopo yake.

"Kaka yangu, niambie. Nimemkosea nani?"

Muuza mkaa alifuta mikono kwenye suruali, jambo lisilosaidia kitu, maana suruali ilikuwa nyeusi kuliko mikono. "Mama, haya mambo mimi siyapendi. Lakini bora uyasikie mwenyewe kuliko uyakute yamekaa mlangoni kwako." Akatoa simu, akaifungua, akamshikisha.

Ilikuwa sauti ya mwanamke. "Jamani wazazi wenzangu, tuwe macho. Kuna nyumba tunayoachia watoto wetu, mnaijua, mimi sitaji mtu. Pale ameingia mgeni, mwanamume wa ndevu mpaka kifuani, na mifuko mizito anaishusha usiku usiku. Hawa watu mambo yao mnayajua. Leo anakuchekea, kesho unazika. Na watoto wetu wanaimbiwa maneno yao wakati wa kulala, hata hatujui wanaambiwa nini. Mimi wangu nimeshawaondoa. Anayempenda mwanawe, amwondoe. Mpelekee na mwenzako."

Mama Wote alirudisha simu. Si maneno tu yaliyomchoma. Sauti ile aliijua tangu neno la kwanza, kama anavyojua mlango wake unavyolia. Ilikuwa sauti ya Mama Pacha.

*

Mgeni mwenyewe alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa marumaru. Alikuwa amekuja kwa sababu kuna jengo la ofisi linamaliziwa, na kaka yake, mchomeaji vyuma aliyefunga milango ya jengo hilo, alikuwa amemwombea kazi. Aliteremka kwenye basi saa ya watu kupika, jua bado lipo, akibeba mifuko yake mizito, na njiani akawaamkia wote aliowakuta. Mizigo ya fundi ni vyuma. Ndevu zake zilikuwa nzuri, amezichana. Watoto walizipenda, mmoja wa wale pacha alizivuta kuona kama zitatoka.

Mama Wote hakungoja hata mumewe arudi. Jioni ileile alikwenda kugonga kwa Mama Pacha. Huyu alikuwa mwanamke mwembamba, mfungaji sabuni kiwandani, aliyeachwa na mume siku pacha wake walipoanza kutambaa. Wakati ule alikuwa hana pa kushika. Mama Wote aliwachukua watoto bila kuuliza atalipwa lini. Walipougua surua aliwalaza chumbani kwake mwenyewe, mumewe akahamia sebuleni.

Mama Pacha alifungua mlango kiasi cha uso wake tu.

"Shoga, ile sauti ni yako?"

"Sauti ipi?"

"Usinifanye mtoto. Mimi watoto nawalea, nawajua."

Mama Pacha akatazama chini. "Sikutaja mtu mimi. Sikiliza vizuri. Hakuna mahali nimetaja jina lako."

"Nyumba mnazoachia watoto ziko ngapi mtaa huu?"

"Mimi niliambiwa, dada. Kazini wote walikuwa wanasema. Wakaniuliza, wewe si ndiye una watoto pale? Nikaogopa. Sasa ningenyamaza, halafu kitokee kitu, ningejisameheje?"

"Ungeniuliza mimi. Nyumba ni ileile, mlango ni uleule. Ungeuliza, ningekufungulia mifuko ukaona miko ya kupakia saruji na nyundo."

Mama Pacha alishika kitasa.

"Na ule wimbo wa kulala," Mama Wote alisema. "Ule unaosema hujui watoto wanaambiwa nini. Nani alinifundisha? Si wewe uliniambia mama yako alikuimbia huo, nikiimba huo ndio wanalala?"

Kutoka ndani mtoto aliita, "Mama Wote!" Mlango ukafungwa taratibu, kwa heshima zote, na kitasa kikazungushwa.

Alipomweleza mumewe, mchomeaji alivua buti zake zilizotobolewa na cheche, akazipanga mlangoni. Alikuwa mtu wa subira, hata walimtania kwamba nyumba ikiungua atauliza kwanza nani kawasha jiko. "Yatapita," alisema. "Njia ya mwongo ni fupi."

"Fupi kwake yeye," mkewe akajibu. "Sisi ndio tunaoitembea."

*

Polisi walikuja mchana, gari limejaa, saa ambayo mtaa mzima unaona. Mtu alikuwa amepiga simu. Waliingia na viatu vyao kwenye chumba cha watoto, wakapekua kabati la taulo, wakamwaga chini ndoo ya vibao vya kuchezea. Magodoro madogo waliyapasua kwa wembe, moja baada ya jingine, wakaingiza mikono wakitafuta. Sponji ikazagaa sakafuni. Nje watu walikuwa wamejipanga kando ya ua kama wanangoja maiti itolewe.

Shemeji alisimama uani, mifuko yake imefunguliwa miguuni. Mkuu wa askari alikuwa akitoa kitu kimoja kimoja.

"Hii?"

"Pima maji, afande. Ya kujua sakafu imelala sawa."

"Na mashine hii?"

"Ya kukatia marumaru."

"Na huu unga?"

"Wa kuzibia maungio, afande. Ukichanganya na maji unakauka kama saruji."

Askari akaunusa ule unga, akapiga chafya. Kisha akatia mkono mfuko wa pembeni, akatoa konzi ya vijidude vyeupe vya plastiki, vidogo kama meno, kila kimoja na umbo la msalaba. "Na hivi?"

"Vimisalaba, afande. Tunaviweka kwenye pembe, kati ya marumaru na marumaru, mistari isipinde."

Askari mmoja kijana alishindwa kujizuia. "Muislamu mzima, mfuko umejaa misalaba!" Wenzake wakaangua kicheko. Hata shemeji alicheka pamoja nao, kile kicheko cha mtu anayetumaini kwamba wakicheka sana watamwacha. Mama Wote aliyaona meno yake na macho yake, na vitu hivyo viwili havikuwa vinasema jambo moja.

Walipomaliza kucheka waliuchukua unga, na mwenye unga pia. Kule uani kundi likafunguka kuwapisha. Mtu akasema, "Si mnaona? Hawawezi kumchukua bure." Simu zilikuwa juu, zinapiga picha.

Shemeji alirudi siku iliyofuata kwa miguu, kola imechanika, uso umevimba upande mmoja. Kaka yake alikuwa amemfuata kituoni. Mkuu wa askari aliwaambia bila ubaya wowote kwamba unga ni unga, na fundi ni fundi.

"Basi afande, tupe karatasi ya kusema hivyo," mchomeaji aliomba. "Tuwaonyeshe watu."

"Karatasi ya nini?" Mkuu alishangaa kweli. "Mtu asiye na kosa hapewi karatasi. Nendeni nyumbani."

Wakaenda nyumbani. Habari ya kukamatwa ilikuwa imeshazunguka mji, ina picha na ina maelezo, na imeongezwa chumvi mpaka mifuko ikawa na waya. Ile ya kuachiwa haikuwa na picha. Nani atapiga picha ya mtu anayetembea kurudi kwao?

Usiku wa siku hiyo haukuwa wa kulala, lakini asubuhi shemeji aliamka na uamuzi. Aliomba wembe wa kaka yake, akakaa uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, binti wa Mama Wote akimshikia kioo. Akanyoa. Uso uliobaki ulikuwa mdogo, wa kijana, na ule uvimbe ukaonekana wote. "Nimekuwa kama bwana harusi," alijitania mwenyewe, na hakuna aliyecheka.

Kabla jua halijazama kukawa na maneno mapya. Mmeona amenyoa? Mtu asiye na la kuficha anabadilisha sura kwa nini? Huko kwenye jengo nako msimamizi alimwambia angoje, ataitwa, na kesho yake fundi mwingine alikuwa amepiga magoti mahali pake.

Shemeji alifunga mifuko. "Shemeji, nisamehe," alimwambia Mama Wote mlangoni. "Nilikuja kutafuta riziki, nimewamwagia yenu."

"Hujamwaga wewe," alisema. Akamfungia mkate kwenye gazeti.

Wiki hiyohiyo Mama Wote aligundua jambo jingine. Binti yake alikuwa akitoka asubuhi na mtandio kichwani na kurudi nao umo ndani ya begi la shule, umekunjwa.

"Nani kakuvua?"

"Nimeuvua mwenyewe, mama," binti alisema, akilegeza kamba za viatu ili asimtazame. "Wanauvuta. Wananiuliza nimeficha nini chini yake. Nikiuvua mapema, wanakosa cha kuvuta."

Mama Wote aliuchukua ule mtandio, akaupiga pasi. Kilikuwa kitu pekee alichoweza kuufanyia.

*

Mama mwenye nyumba alikuja na mwavuli wake, ingawa hakukuwa na mvua wala jua la kuogopesha. Alikuwa mjane mzee, mpole, ambaye kila alipokuja kwa kodi alipenda kukaa na watoto na kuwauliza majina ya wanyama. Safari hii alikaa ukingoni mwa kiti. Alipewa maji, akayapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akashikilia bilauri muda wote wa mazungumzo, kisha akaiweka chini vilevile ilivyojaa. Mama Wote aliitazama ile bilauri kuliko alivyomtazama mgeni.

"Mwanangu, mimi nakujua," mjane alianza. "Kodi hujanisumbua hata mara moja. Na mumeo mtu wa watu."

"Ahsante, mama."

"Lakini nyumba haina dini, mwanangu. Nyumba ina madirisha. Wakiyavunja, nani atanirudishia? Mimi sina kingine. Mwisho wa mwezi mniachie."

Mchomeaji alikohoa. "Mama, polisi wenyewe wamesema hatuna kosa."

"Najua, baba. Mimi naamini. Tatizo si mimi."

"Na wale waliosema wakijitokeza kukanusha?" Mama Wote aliuliza.

Mjane alifikiri, akichezea mpini wa mwavuli. "Wakikanusha, tutaongea."

Kwa maneno hayo mawili Mama Wote alimeza alichokuwa hajawahi kumeza. Kesho yake alikwenda kusimama mbele ya geti la kiwanda cha sabuni. Mlinzi aliutazama mtandio wa kichwani mwake, akamwambia asogee, asisimame karibu na ukuta. Akasogea. Akamwambia asogee tena. Mpaka wafanyakazi wanatoka, alikuwa upande wa pili wa barabara kama mtu anayeuza kitu.

Mama Pacha alipomwona alitaka kurudi ndani, lakini umati ulikuwa ukimsukuma nje.

"Sikuja kugombana," Mama Wote alimwahi. "Nimekuja kukuomba. Tunafukuzwa nyumba. Sema tu kilichotokea. Kwamba polisi walikuja, wakapekua, hawakukuta kitu. Neno lako ndilo lililowasha, neno lako ndilo litakalozima."

Mama Pacha alianza kulia palepale, wenzake wakigeuka kutazama. Alilia kweli, hakuwa mwanamke mbaya. "Nitasema," aliahidi. "Leo leo. Dada, mimi hata usingizi sipati. Yule mlezi niliyewapeleka anawafungia ndani siku nzima, mmoja ameacha kula. Nitasema, naapa."

Jioni familia ilikaa ikingoja. Mchomeaji alikuwa ameshatolewa kwenye grupu la simu la wazazi, lakini muuza mkaa alikuwa bado anatumiwa kila kitu, kwa hiyo giza lilipoingia alikuja mwenyewe na simu mkononi, akakataa kiti kwa sababu ya nguo zake, akachuchumaa mlangoni. Wote wakainama kuizunguka ile simu.

"Jamani wazazi wenzangu," Mama Pacha alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia. "Ile nyumba niliyowaambia, polisi walikwenda, na kwa sasa hawakukuta kitu. Kwa hiyo tusihukumu, kuhukumu ni kwa Mungu. Ila na sisi tuna watoto, na hawa watu kuficha wanajua. Tuombe, na tuendelee kuwa macho."

Simu ikanyamaza. Muuza mkaa aliigeuzageuza kama vile kuna sehemu imedondoka. "Labda tuisikilize tena," alisema.

"Inatosha, ndugu yangu," mchomeaji alimjibu. "Tumesikia."

Ile "kwa sasa" ndiyo Mama Wote aliyolala nayo.

*

Walipata chumba kimoja mbali, ng'ambo ya reli, kwa mtu aliyesema anaangalia kodi tu. Hakuna sebule wala chumba cha mbele. Mchomeaji alikwenda kutafuta mkokoteni, na Mama Wote akabaki akikunja mashuka na kufunga sufuria kwa khanga. Vikombe vya rangi alikuwa ameshamgawia muuza maji.

Aliposikia hodi alidhani ni mumewe. Ilitoka mlango wa uani, hodi ya kidole kimoja. Alipofungua alimkuta Mama Pacha amejibanza ukutani, watoto wake wamemkumbatia kiunoni. Pacha walikuwa wamekonda. Walimrukia Mama Wote kabla hajasema neno, mmoja kila mguu, wakakwama hapo.

"Nimewaondoa kwa yule mwanamke," Mama Pacha alinong'ona. "Leo nisipoingia kazini wananiachisha, wameshaniandikia. Nipokelee, dada. Hata huko mnakohamia nitawaleta. Nitakuwa napitia huku nyuma asubuhi mapema, hakuna atakayeona."

Mama Wote alichuchumaa, akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Nywele zilikuwa chafu, na vidole vyake vikaanza vyenyewe kuondoa nyuzi za uchafu. Alikuwa amewakumbuka watoto hawa mpaka kifua kikamuuma. Alijua hata sasa kwamba mmoja hali kitunguu na mwingine hulala ameshika sikio la mtu.

"Nitawapokea," alisema.

Mama Pacha akashusha pumzi. "Mungu akuzidishie."

"Lakini toka nao hapa. Zunguka, uje na mlango wa mbele. Uwashike mikono, ugonge, unisalimie kwa sauti. Basi. Sikuombi umlete mwenye nyumba, wala useme kitu kwenye simu. Njoo tu kama ulivyokuwa unakuja."

Mama Pacha aligeuza shingo. Kupitia upenyo kati ya nyumba barabara ilionekana: foleni ya ndoo bombani, wanawake wa kiwandani wakisubiriana waongozane, yule mama wa upande wa pili wa barabara na mwanawe. Watu wote waliokuwa na simu walikuwa pale, asubuhi kweupe.

"Dada, usinifanyie hivyo," alisema. "Watanionaje mimi?"

Mama Wote hakuinuka. Alingoja. Alingoja kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia, kwa sababu mtoto mmoja alikuwa ameshapata sikio lake, amelishika.

Mwishowe Mama Pacha aliinama, akawabandua watoto mmoja mmoja, kama mtu anayebandua plasta, wakipiga kelele. Akaondoka nao kwa njia ya nyuma, kando ya mtaro, akiwaburura na kuwaziba midomo ili barabara isisikie. Jina la Mama Wote lilisikika mpaka walipokata kona, na hata baada ya hapo, kidogo.

Mumewe aliingia kwa mlango wa mbele na mwenye mkokoteni. Akamkuta amesimama uani, mikono inaning'inia.

"Nimesikia watoto wanalia. Akina nani?"

Alimweleza. Mchomeaji akakaa juu ya furushi la nguo.

"Na watoto nao wana kosa gani?" aliuliza hatimaye, kwa upole.

"Hawana," alisema Mama Wote. Akainua upande wa meza, akamngoja mumewe ashike upande mwingine. "Wala sisi hatukuwa nalo. Shika, tutoke."